Basi Lilikuwepo Kesho Yake

Nimerudi kutoka Mabira kumzika Leokadia, na hasira bado haijaniisha. Mwanangu ananiambia, mama, tuliza presha, yale yalikuwa maneno ya msibani tu. Maneno ya msibani tu! Yaani msibani ndipo mahali pa kusema lolote, kwa kuwa mwenyewe amelala kwenye sanduku hawezi kuinuka akasema hapana? Nilitoka Rugu asubuhi na mapema, nikabadilisha bodaboda njiani, magoti yangu haya yakilalamika kila kwenye shimo, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikaketi chini ya turubai kwenye kibanja cha kaka yake, migomba imetuzunguka pande zote, na mshereheshaji, maana siku hizi hata kilio kina mshereheshaji, akashika kipaza sauti akatangaza kwamba marehemu Mwalimu Leokadia alikuwa na wito. Akapokea kaka mtu: dada yetu alizaliwa mwalimu, alikuwa na wito. Akapokea mwenyekiti wa kijiji, wito. Hata msalaba, nilipougeukia ili angalau nipumzishe masikio, ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe ambayo haijakauka vizuri: ALIITWA, AKAITIKA. Nikasema moyoni, haya, Leo, wamekumaliza.

Halafu akasimama padri. Kijana mzuri, sina ugomvi naye, ana sauti na anajua kusubiri watu wanyamaze. Akasimulia habari ya senene, wale panzi wetu tunaowakaanga. "Mungu akitaka kumtumia mtu," alisema, "hata wadudu huwatuma. Binti huyu alikuwa anaondoka kwenda kutafuta maisha yake. Asubuhi ya safari senene wakashuka, basi halikuondoka, naye akaitambua sauti ya Bwana. Akabaki. Akatufundishia watoto mpaka nguvu zikamwisha." Watu wakaitikia amina. Mama mmoja kando yangu akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa nakunywa maji, yakanipalia, wakadhani nalia. Kati ya watu wote waliokuwa chini ya turubai lile, hakuna aliyekuwepo siku hiyo ya senene isipokuwa mimi. Na aliyekuwepo mwingine ndiye tuliyekwenda kumzika. Sasa mimi nisiposema, nani atasema?

Tulikozaliwa na akina nani walituzaa sitasimulia. Yalishasomwa kwenye wasifu wa marehemu, na nusu yake yalikosewa. Nitasimulia mwaka mmoja tu. Mwaka ule Kyerwa, iliko Mabira, haijawa wilaya, huko kote tukikuita Karagwe, na mimi na Leokadia tulikuwa wasichana wawili tuliomaliza shule, tukachukuliwa kuwa walimu wa muda kwenye shule moja ya msingi pembeni ya Kayanga. Walimu wa muda maana yake ni kwamba wamekosekana walimu, basi anachukuliwa yeyote anayejua kusoma na kuandika, anapewa chaki. Tulipanga chumba nyumbani kwa Ta Felisiani, mwalimu mstaafu wa historia, na mkewe Ma Agripina. Kwetu mtu mzima mwenye heshima zake humwiti jina kavu kavu, unamtanguliza Ta au Ma. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, tukilala wawili, Leokadia upande wa ukutani kwa sababu alikuwa na mateke. Kilinuka kahawa, kwani magunia ya kahawa ya mwenye nyumba yalikaa humo humo miguuni petu yakisubiri kupelekwa chama cha ushirika. Na kati yetu na sebule hakukuwa na ukuta wa maana, zilikuwa mbao tu zilizopigiliwa, zimeachana kiasi cha kupitisha kidole. Kila kilichosemwa sebuleni tulikisikia. Wiki ya kwanza tu nilimsikia Ta Felisiani akimwambia mkewe: "Yule mrefu ana wito, nimemwona. Huyu mfupi ana mdomo." Leokadia alicheka mpaka akauma shuka. Mfupi ndiye mimi.

Chakula kilikuwa ndizi na maharage, leo ndizi na maharage, kesho maharage na ndizi. Jumapili tulipata samaki. Sina neno baya juu ya mkono wa Ma Agripina. Alifunika ndizi kwa majani ya mgomba, akaziacha zijipikie taratibu, na ukizitoa zilikuwa laini, za njano, zinateleza zenyewe. Kilichonishinda ni maneno ya mezani. Ta Felisiani hakuweza kumwaga mchuzi bila kutoa somo. Na masomo yake yote yaliishia mahali pamoja: hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo kubwa duniani kwa akili yake. Waliopigania uhuru waliitwa. Watakatifu waliitwa. Hata aliyeleta mche wa kwanza wa kahawa huku, kwa hesabu za Ta Felisiani, aliitwa. "Historia, wanangu," alikuwa akisema huku kijiko kikiwa hewani, "ni Mungu anaita watu majina yao, mmoja mmoja." Siku moja Leokadia akamuuliza, kwa adabu kabisa, "Ta, na wale wabaya? Waliouza watu, waliochoma nyumba za wenzao, nao aliwaita nani?" Kijiko kikashuka. "Wale waliamua wenyewe." "Kumbe," akasema Leokadia. "Wabaya wanaamua, wazuri wanaitwa. Basi ni afadhali kuwa mbaya, angalau unapata kufikiri." Ma Agripina akaanza kukohoa, akakimbilia jikoni. Tulimsikia akicheka huko peke yake.

Na niwaambie ukweli ambao haukutajwa kwenye ule wasifu: Leokadia hakupenda kufundisha. Hakupenda! Alipewa darasa la kwanza, watoto wamejazana mpaka wengine wanakaa sakafuni chini ya dirisha, na kila mchana alirudi sauti imekauka, kichwa kinamgonga, anajitupa kitandani na viatu. "Paskazia," ananiambia, "mtoto akipiga kelele najua ni kelele tu. Ng'ombe akilia najua anaumwa wapi." Ndiyo, ng'ombe. Kwao walikuwa wafugaji, na yeye ng'ombe aliwapenda kama wengine wanavyopenda nguo. Siku ya mnada alikuwa anavuka mji mzima kwenda kusimama kwenye uzio, na mimi ananikokota, kwenye matope na mavi na wanaume wanaotukodolea macho. Anamwangalia ng'ombe wa mtu, anaangalia masikio, pua, jinsi anavyoweka mguu, anamwambia mnunuzi, "Mzee shikamoo, huyu msimnunue, ana homa." Walimfukuza. Baadaye wakazoea, na wengine wakaanza kumngoja afike kabla hawajatoa bei. Alikuwa ameomba chuo cha mifugo, mbali huko, basi mpaka Bukoba, meli mpaka Mwanza, na kutoka hapo gari lingine. Hicho ndicho alichokitaka duniani. Wanaosema alizaliwa mwalimu wamtafute ng'ombe wa kuwasikiliza.

Katikati ya mwaka Ta Felisiani akatuletea balaa jingine: tamthilia. Alikuwa ameiandika yeye mwenyewe, ichezwe na watoto siku ya wazazi, na ilitokana na hadithi aliyosimuliwa na bibi yake. Palikuwa na mkama, yaani mfalme wa huku wa zamani, na mkama alikuwa na mpiga ngoma aliyerithi fimbo za ngoma kutoka kwa baba na babu. Ilikuwa ngoma ikilia kwa mdundo fulani, ukoo uliotajwa unafukuzwa na ng'ombe wake wanachukuliwa. Na isipolia, hakuna wa kuwagusa. Siku moja mkama akautaja ukoo usio na kosa. Mpiga ngoma akaweka fimbo chini, akafukuzwa yeye. Hadithi yenyewe nzuri. Lakini Ta Felisiani, kwa kuwa ni Ta Felisiani, akaandika kwamba mpiga ngoma anasimama, inasikika sauti kutoka juu ikimwambia "Weka fimbo chini, mwanangu," ndipo anaweka. Sauti hiyo alikuwa aitoe yeye mwenyewe, amejificha nyuma ya kanga.

Leokadia ndiye aliyepewa kuwafundisha watoto, na siku ya wazazi ikafika. Mpiga ngoma akasimama mbele ya ngoma, fimbo juu. Ta Felisiani nyuma ya kanga akavuta pumzi, na Leokadia, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma akamfunga mdomo kupitia kitambaa. Kiganja kizima! Basi mtoto akasimama. Akasimama tu. Anaiangalia ngoma, anamwangalia mkama, anaangalia wale watoto wa ukoo uliotajwa waliokaa chini. Wazazi wakadhani amesahau, wakaanza kupiga kelele, "Jamani, mkumbusheni!" Mama yake alikuwa anataka kuinuka. Kisha uwanja mzima ukanyamaza, hata wauza karanga, na mtoto akazishusha fimbo polepole, akaziweka chini, akaondoka. Mpaka leo sijaona jambo kama lile jukwaani, na nimefundisha fasihi maisha yangu yote.

Jioni yake mezani hakukuwa na amani. "Umetoa sauti ya Mungu kwenye kazi yangu!" Ta Felisiani aligonga meza, maharage yakaruka. Leokadia akasema, "Samahani, Ta. Lakini kama sauti imemwambia aweke fimbo, yeye kafanya nini? Katii tu. Alimtii mkama miaka yote, sasa anamtii mwingine. Wapi pake yeye?" "Pake ni kusikia!" "Pake ni kuamua, Ta, halafu afukuzwe, halafu asimlaumu mtu." Mzee akanigeukia, akaniambia mimi, ambaye sikuwa nimefungua kinywa: "Na wewe ndiye unayemharibu." Nimekaa na lawama hiyo tangu siku ile.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, jina la Leokadia likatoka. Amepata chuo. Tuliruka juu ya kitanda mpaka mbao moja ikavunjika, na Ma Agripina akaja na mwiko wa kusongea akidhani ni nyoka. Kesho yake Leokadia akaenda kumuaga mwalimu mkuu, na akarudi ametulia kuliko nilivyotegemea. Mwalimu mkuu alimpongeza, akampa mkono, akasema hakuna mtu wa kuchukua darasa la kwanza, kwa hiyo watoto watakaa nyumbani mpaka apatikane, na akipatikana wataanza upya na wadogo zao. "Mpaka lini?" nikauliza. "Hajui. Wale wa mwaka juzi walikaa nyumbani, wengi hawakurudi." Akakunja nguo zake, akazikunjua, akazikunja tena. "Wamefika kwenye mba, mbe, mbi," akasema. "Hata neno ng'ombe hawawezi kulisoma." Nikamwambia achana nao, si watoto wako. Na nilikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani ni kweli hawakuwa wake.

Asubuhi ya safari tukafika stendi giza halijaisha vizuri, ukungu umeshuka, na senene wameshuka nao. Anayejua huku kwetu anajua maana yake. Walikuwa kwenye nyasi, kwenye paa za maduka, kwenye nywele za watu, na Kayanga yote iko nje na ndoo, makopo, vyandarua, mashuka. Dereva wa basi alikuwa amevua shati ametengeneza mfuko. Kondakta yuko bondeni. Abiria nao wameacha mizigo wameingia majanini, na padri wa wakati huo, huyo wetu wa msibani hajazaliwa, alikuwa na debe. Nani atapanda basi siku ya senene? Ng'o! Tukarudi nyumbani, tukakaa uani kunyonyoa mabawa na miguu. Kwa desturi za zamani wanawake wanakamata, wananyonyoa, wanakaanga, na wanaume ndio wanaokula. Ma Agripina alikuwa hajawahi kuwaonja tangu azaliwe. Leokadia akachota wa moto kutoka kikaangoni, wamekaangika kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, akatafuna mbele ya Ta Felisiani huku anamwangalia usoni. Mzee akajifanya hajaona, kwa sababu alikuwa na jambo kubwa zaidi la kusema, na alikuwa amelisubiri tangu asubuhi.

"Umeona?" akasema. "Nilisema huyu ana wito, mama, sikusema? Mungu ameleta senene kumzuia. Basi zima limesimama kwa ajili ya binti mmoja!" Na majirani waliokuwa pale, midomo inang'aa mafuta, wakaitikia, ni kweli, ni ishara, haijawahi kutokea. Haijawahi kutokea! Senene wanashuka kila mwaka na kila mwaka basi haliondoki! Leokadia akaweka sahani chini. Sikuwahi kumwona amekasirika vile, midomo imegeuka rangi. "Ta, nakuheshimu kama baba," akasema. "Senene wamekuja kwa sababu ya mvua. Basi halikuondoka kwa sababu ya ulafi wa dereva. Meli inaondoka kesho usiku, na kesho basi lipo. Mkitaka kunizuia, nizuieni nyinyi kwa midomo yenu, msimsingizie Mungu wala wadudu." Akaingia chumbani. Jioni alitoka kidogo tu kununua sabuni ya safari, akakutana na kundi la wanafunzi wake wanauza senene kando ya barabara. Akawauliza mbona hawakwenda shule. Wakamjibu bila huzuni yoyote, wanacheka: "Kwetu shule imeisha, mwalimu." Alinisimulia hilo kitandani, amegeukia ukuta.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo padri na wenzake wanapoishia. Kesho yake basi lilikuwepo. Dereva amevaa shati lake, linanuka senene, lakini amevaa. Kondakta akaiangalia tiketi ya jana akasema inafaa, dada, panda. Anga jeupe, barabara kavu, hakuna mdudu, hakuna ishara, hakuna sauti kutoka juu wala chini. Ta Felisiani hakuja. Hapakuwa na wa kumzuia. Leokadia akapanda, akakaa dirishani, begi mapajani, mimi niko nje namwambia asisahau kula melini. Injini ikawashwa. Na nikamwona anaangalia mbele, anaangalia tu, kama yule mtoto mbele ya ngoma, muda mrefu mpaka kondakta akapiga bodi kwa kiganja. Kisha akainuka. Akapita kati ya magoti ya watu na kuku wao, akasimama mlangoni. "Dada, unapanda au unashuka?" kondakta akamfokea. "Nashuka," akasema Leokadia, na akashuka. Basi likaondoka. Nilimpigia kelele hapo hapo stendi, nilimwita mpumbavu, nikamuuliza kama kweli amesikia sauti. "Sijasikia kitu," akasema. "Nilikuwa nasubiri kusikia, labda ingenisaidia. Hakuna. Ni mimi tu na wale watoto." Akalia njia nzima mpaka nyumbani, kilio cha mtu aliyefiwa, na nilibeba begi lake mimi.

Alisema ni mwaka mmoja tu, mpaka wajue kusoma. Ikawa miwili, akapelekwa mafunzo ya ualimu, akahamia kwao Mabira, ikawa maisha. Alikuja kuwa mwalimu mzuri, hilo nakubali. Alijifunza kwa nguvu, kama mtu anavyojifunza kula dawa chungu. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa tayari amekonda, tumekaa nje anawatazama ng'ombe wake wawili. "Ningekuwa bwana mifugo mzuri sana, Paskazia," akaniambia. Nikamuuliza kama alijuta. "Ee, nilijuta. Siku nyingi mno. Kwani kujuta ni dhambi? Ila ningepanda lile basi ningejuta kila siku. Nilipiga hesabu hiyo palepale kwenye kiti." Hivyo ndivyo alivyosema, na ng'ombe mmoja akaja akamlamba mkono.

Kwa hiyo mshereheshaji aliposema sasa salamu za marafiki, niliinuka. Nikasema jina langu, nikasema nilipanga naye chumba, nikasema: basi lilikuwepo kesho yake. Nikasimulia kama nilivyosimulia hapa, dereva na shati lake, kondakta, kiti cha dirishani, yote. Niliwaambia kwamba kama aliitwa na kuburutwa na senene, basi hakutoa kitu, alichukuliwa tu. Lakini mimi nilimwona akitoa, mkono wake mwenyewe, na nilijua anatoa nini. Hawakuitikia amina. Wengine waliangalia chini, na mwenyekiti wa kijiji akaangalia saa. Padri alikuja baadaye nilipokuwa nakula, akachuchumaa kando ya kiti changu, akaniuliza taratibu, "Mama, na je, huko kushuka kwenyewe, si ndiyo sauti ya Mungu?" Nikamwambia, baba, labda, wewe ndiye umesomea, lakini mwacheni kwanza ashuke. Akaitikia kwa kichwa, hakuniudhi.

Aliyeniudhi ni kaka mtu. Alinifuata mpaka kwenye bodaboda, nimeshapanda, amekunja uso. Dada Paskazia, umetuaibisha, watu wametoka mbali. Msalaba tumeshauandika, gharama imeshaingia, sasa unataka tufanye nini? Unataka tuwaambie watu dada yetu hakuwa na wito? Nikamwambia kijana wa bodaboda azime pikipiki, maana sikutaka kaka mtu anisikie nusu.

"Sitaki mseme hakuwa na wito," nikamwambia. "Nataka mseme alikuwa na tiketi."